Miaka Yangu Minne Katika Shule ya Leta

Kila mwaka inapokaribia Septemba, mbele ya kanisa letu baada ya Misa ya Dominika, wazazi huanza mabishano yale yale. Mmoja asema: "Mtoto wangu simpeleki shule ya Leta. Huko hakuna adabu." Mwingine amjibu: "Na wewe umepata wapi pesa za kulipa kwa mapadri?" Kisha wananigeukia mimi, katekista wao, niwaamue. Wanajua kwamba nilipita seminarini, basi wanafikiri nimelelewa na mapadri tangu kaptula yangu ya kwanza. Kumbe sivyo. Miaka minne ya ujana wangu, toka 2004 hata 2008, nilisoma katika shule moja ya Leta hapa Kalemie. Jina lake siliandiki, kwa maana nitasimulia na mambo yasiyopendeza. Ijapokuwa, mkinisoma hata mwisho, mtaona kwamba yaliyo mabaya zaidi ni yangu mwenyewe.

Kwanza niseme neno juu ya hayo mabishano, halafu niyaache. Upande wetu wa ziwa, shule ilikuja na misioni. Mapadri Weupe walifika Mpala mwaka 1885, na katika shule zao alitoka Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji, aliyepewa upadri mwaka 1917. Kwa miaka mingi Wabelgiji waliwaachia wamisionari kazi ya kufundisha watoto wetu. Ilikuwa mwaka 1954 tu, wakati wa waziri Buisseret, ndipo shule za Leta kwa watoto weusi zilipoanza kufunguliwa kwa nguvu, na maneno makali yalisemwa pande zote mbili. Mwaka 1974 Leta ikachukua shule zote. Mwaka 1977 ikapatana na makanisa, ikawarudishia ulezi wa shule zao. Lakini programu na mitihani vikabaki vya Leta, na mishahara vilevile. Maana yake hata hiyo shule ya mapadri mnayoigombania ni ya Leta kwa nusu yake. Tena mtoto wa huku na mtoto wa huko watakutana siku moja mbele ya karatasi ile ile, yaani Mtihani wa Leta, ulioanzishwa mwaka 1967. Hayo yatosha.

Mimi nilipomaliza shule ya msingi nilipokewa katika seminari ndogo, nikakaa miaka miwili. Tuliamka saa kumi na moja, Misa, kimya, masomo, bustani, kimya tena. Nilijua kunyambua maneno ya Kilatini kama vile mtoto wa mvuvi anavyojua kutengeneza nyavu. Siku za matembezi tulipokutana na wanafunzi wa shule za Leta, mashati nje ya suruali, wakipiga kelele barabarani, sisi tulipita kwa mstari mmoja tukiwatazama pembeni. Hakuna aliyetufundisha kuwadharau. Tulijifundisha wenyewe.

Katikati ya mwaka 2004 baba yangu akafa. Mama akabaki na wadogo wangu wanne na shamba la mihogo. Baba mdogo, aliyekaa Kalemie, akaja kwenye matanga, na siku ya kuondoka akaniambia nifunge vitu vyangu. Alisema: "Nitakusomesha, lakini kadiri ya mfuko wangu." Mfuko wake ulitosha shule ya Leta. Nilipanda lori nikiwa na kisanduku cha mbao, na ndani yake kamusi ya Kilatini ambayo sikuifungua tena kwa miaka minne.

Shule ile ilikuwa na wanafunzi wa zamu mbili: wengine asubuhi, wengine mchana, katika vyumba vile vile na juu ya benchi zile zile. Mimi nikawekwa zamu ya mchana. Tuliingia saa sita na nusu, jua likiwa juu ya mabati, tukatoka karibu na magharibi. Shati jeupe, suruali ya bluu. Wasichana shati jeupe na sketi ya bluu. Tulikaa wanne kwenye benchi ya watu wawili. Kitabu cha kemia kilikuwa kimoja kwa darasa zima, nacho kilikuwa cha mwalimu. Sisi tuliandika katika kaye yale yaliyoandikwa ubaoni, na asiyewahi kunakili kabla ubao haujafutwa, aliazima kaye ya mwenziwe usiku. Kila mwanzo wa mwezi karani alipita na orodha ya wale ambao hawajalipa minervali na ile prime ya walimu. Walioitwa walisimama, wakachukua kaye zao, wakaenda nyumbani. Wengine walirudi baada ya siku mbili, wengine baada ya majuma matatu, na wengine hawakurudi. (Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya Leta hailipwi tena, nasi tunashukuru; lakini sekondari wazazi wanaendelea kulipa.)

Wenzangu walipojua nimetoka seminarini wakaniita Frateri. Jina likashika. Nikachaguliwa kapita wa darasa, kwa sababu Kifaransa changu kilikuwa safi na mwandiko wangu mzuri. Nawakiri ninyi wasomaji kwamba nilifurahi sana. Kazi ya kapita ilikuwa kufuta ubao, kunakili somo ubaoni mwalimu akichoka, na kuandika majina: waliochelewa, wanaopiga kelele, wanaosinzia. Orodha niliipeleka kila Jumamosi kwa mkuu wa nidhamu. Niliiandika kwa rula, mistari miwili chini ya kila kichwa, kama tulivyofundishwa kule.

Sasa, kwenye benchi yangu, upande wa dirisha lisilo na kioo, alikaa kijana mmoja mrefu, mwenye mikono migumu, aliyenuka ndagala. Sitaandika jina lake, kwa maana yupo, naye si mtu wa kupenda kusemwa. Mwalimu akianza tu kuongea, yeye alilaza kichwa juu ya mkono wake wa kushoto akalala. Hakukoroma, hakumsumbua mtu. Alilala tu, na mkono wake wa kulia ukabaki umeshika biki. Mimi nikaandika jina lake. Juma la pili nikaliandika tena. Juma la tatu pia. Jina likitokea mara tatu katika mwezi mmoja, mwanafunzi alifukuzwa siku tatu na kutakiwa kurudi pamoja na mzazi.

Siku ya nne alirudi na mama yake. Alikuwa mama mwembamba, amefunga kitambaa cha kichwani cheusi kilichofifia, na magamba ya samaki yaling'aa kwenye kucha zake. Walisimama mbele ya ofisi muda mrefu. Nami nilikuwa napita na chaki. Mtu akamwonyesha kwamba mimi ndiye kapita. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema: "Baba, asante kwa kumwangalia mwenzako. Usichoke. Hana baba." Nikasema: "Ndiyo, mama." Mwanawe alitazama chini. Mimi pia sikuwa na baba, na nililia mwaka huo huo. Lakini sikusema kitu. Nikaenda zangu kufuta ubao.

Katika siku tatu zile alikosa mtihani mdogo wa hesabu, akapewa sifuri. Hayo nayo nilikuja kuyajua baadaye.

Ilipofika Noeli tukapewa biletini. Mimi katika Kifaransa nilikuwa wa kwanza. Katika kemia nilipata pointi 11 juu ya 40, zimeandikwa kwa wino mwekundu. Ndugu zangu, mtu aliyezoea kusifiwa, akiona wino mwekundu, anakuwa kama ameanguka barabarani watu wakitazama. Na jirani yangu, yule wa kulala, alipata 33. Nikafikiri amenakili. Lakini angenakili kwa nani? Benchi yetu nzima hakuna aliyefika 20.

Januari, siku moja tukitoka, aliniambia: "Frateri, Jumamosi njoo pwani, nikuonyeshe jambo la kemia." Nilikwenda kwa aibu. Nilimkuta anageuza ndagala zilizoanikwa mchangani, pamoja na mama yake na dada zake. Hakuacha kazi. Alitenga samaki vikundi vikundi kwa ukingo wa mkono, akasema: "Hizi mbili ni hidrojeni, zinatembea wawili wawili. Hizi ni oksijeni, nazo vilevile. Sasa nitengenezee maji. Kila tone linataka hidrojeni mbili na oksijeni moja." Nikaweka. Akauliza: "Huyu oksijeni wa pili umempeleka wapi? Umemtupa ziwani? Kilichoingia mtumbwini lazima kihesabiwe kikitoka." Nikaongeza hidrojeni mbili nyingine, na maji yakawa mawili, na hakuna samaki aliyebaki peke yake. Mwalimu alikuwa amefundisha neno hilo hilo mara nne ubaoni, nami nililinakili mara nne bila kulielewa. Kisha akanionyesha kaboni kuwa mtu mwenye mikono minne, oksijeni miwili, hidrojeni mmoja. Na kila mkono lazima ushike mkono wa mwenziwe. Jua lilipokuwa kali, mama yake akanipa ugali na mikebuka, akaniita "kapita" kwa heshima, nami chakula kilinikaa kooni.

Siku ile ndipo nilipojua habari ya mwezi. Wengine ninyi ni watu wa ziwani, mnajua. Lakini nawaeleza walio wa bara. Ndagala huvuliwa usiku, kwa taa za karabai. Samaki huifuata nuru, wavu huinuliwa kutoka chini. Lakini mbalamwezi ikiwaka, nuru iko kila mahali, samaki hawakusanyiki, basi wavuvi hukaa pwani mpaka giza lirudi. Yule mwenzangu, tangu baba yake alipozama, alikuwa baharia katika mtumbwi wa mzee mmoja wa mtaani. Usiku wa giza alikuwa ziwani mpaka alfajiri. Asubuhi alimsaidia mama kuanika. Saa sita na nusu alikuwa darasani. Kwa mwezi mzima alikuwa na siku kama kumi tu za kulala kama watu wengine. Siku hizo, za mwezi mpevu, aliamka darasani kama aliyefufuka, akauliza maswali, akanakili kaye za majuma mawili kwa siku tatu. Mwalimu wa kemia, mzee mpole mwenye kufuga bata, alikuwa amekwisha kugundua. Nyumbani kwake alitundika ile kalenda ya misioni inayoonyesha miezi, naye aliacha masomo magumu mpaka duara likiwa jeupe. Sisi wengine tulidhani ni programu ya Leta.

Mimi nilikuwa nimekaa kando yake miezi minne. Sikuuliza hata mara moja kwa nini analala.

Nilimwambia: "Ni mimi niliyeandika jina lako." Akajibu: "Niliona. Mwandiko wako ni mzuri, hata jina langu lilipendeza." Akaendelea kugeuza samaki.

Mwaka uliofuata, tulipokuwa darasa la nne, lilitokea tetemeko la nchi ambalo watu wa Kalemie wanalikumbuka. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na dakika ishirini hivi mchana. Wenye vipimo walisema nguvu yake ilikuwa 6,8. Nyumba nyingi za mji zilianguka au kupasuka, na watu walikufa. Mimi nilikuwa mbele ubaoni, nakili somo. Kwanza nilisikia kama lori kubwa linapita, kisha mabati yakaanza kupiga kelele na ukuta wa nyuma ukafunguka toka juu hata chini kama kitambaa. Nilikuwa karibu na mlango. Nikatoka. Niwe mkweli: nilitoka wa kwanza, chaki mkononi, wala sikutazama nyuma mpaka nilipofika kwenye miembe.

Wengine walikuja mbio, wakilia, wakiangukiana mlangoni. Katika darasa letu alikuwamo msichana ambaye mguu wake mmoja uliharibika kwa polio, naye alitembea na fimbo. Aliyemleta nje mgongoni alikuwa yule wa kulala. Usiku ule alitoka ziwani, na alikuwa usingizini nchi ilipoanza kutikisika. Alimweka chini polepole, akatafuta fimbo yake, haikuonekana. Kisha akanijia, akaniambia bila kelele: "Kapita, hesabu watu." Nikahesabu. Walitimia wote. Niliwahesabu mara tatu, kwa maana midomo yangu ilitetemeka na nilisahau namba.

Kwa majuma mengi tulifundishwa chini ya miembe, ubao ukiegemea shina. Mvua ilipokuja tulirudi nyumbani, na Desemba kwetu mvua haikosi. Lakini jambo fulani lilibadilika katika darasa letu. Tulianza kujuana. Kabla ya siku ile tulikuwa watu wanaoazimana kaye; baadaye tulijua nani anakaa na nani, nani anakula mara moja kwa siku, nani analipiwa na dada yake anayeuza mandazi. Orodha ya wanaosinzia sikuipeleka tena. Mkuu wa nidhamu akaniuliza. Nikamwambia hakuna anayesinzia. Ulikuwa uongo, nami niliuungama, na padri alinipa malipizi mepesi.

Katika darasa la tano na la sita ndipo tulipofanya mambo ambayo shule ile inajivunia hata leo. Tuliomba ruhusa kwa mwenye mtumbwi: usiku wa mbalamwezi, taa zake zikiwa hazina kazi, tukazitumie kusomea pwani, mafuta tulete wenyewe. Mzee alicheka sana, akakubali. Basi kila mwezi, kwa zile siku chache, mngetukuta kumi na watano, ishirini, tumekaa mchangani kuizunguka karabai, wadudu wakianguka juu ya kaye, na yule mwenzetu katikati akieleza kemia, hesabu na fizika kwa mawe na vijiti. Mimi nilieleza Kifaransa na namna ya kuandika insha. Wasichana walikuja na kaka zao, na kaka wengine wakaanza kusoma pia. Katika mashindano ya maswali kati ya shule na shule tuliishinda shule moja ya mapadri, ambayo wanafunzi wake walikuja na viatu vimepigwa rangi. Nilikuwa msemaji wa kundi letu, lakini majibu mengi yalitoka kwake, ananinong'oneza. Siku hiyo, kwa bahati, mwezi ulikuwa mpevu. Nilipomwona prefe wetu akiruka kama mtoto, niliwakumbuka wale seminari ndogo waliopita kwa mstari mmoja, nikacheka peke yangu.

Sasa niseme habari ya Mtihani wa Leta wa mwaka 2008.

Wasomaji ambao hawakuufanya, wajue jinsi ulivyo. Kwanza kuna insha ya Kifaransa na maswali ya mdomo, majuma kadhaa kabla. Kisha siku nne mfululizo, nchi nzima pamoja, katika vituo ambamo wanafunzi wa shule mbalimbali wanachanganywa na kulindwa na walimu wasiowafundisha. Maswali ni ya kuchagua jibu, na aliye karibu nawe hana karatasi kama yako. Karatasi hukusanywa na kusahihishwa mbali, kwa mashine. Asiyefika 50 kwa mia amekosa, hata kama amekosa kidogo. Darasa lote la sita, miaka sita ya sekondari, linapimwa kwa hizo siku chache. Na mwaka ule siku nne ziliangukia katika giza.

Tulikutana kama darasa. Msichana yule wa mguu ndiye aliyesema kwanza: "Kila mtu atoe alicho nacho." Tukachanga: wengine franka, wengine yai, mmoja alileta kuku. Nilikuwa mwenye kushika fedha. Tukampelekea mwenye mtumbwi fungu la baharia mmoja kwa usiku nne, ili aajiri mtu mwingine na mwenzetu alale. Mzee alikataa kuku, akachukua franka, akaapa.

Siku mbili za kwanza mwenzetu alikuja kituoni na macho meupe. Alikuwa anacheka. Usiku uliotangulia siku ya kemia na biolojia, yule aliyeajiriwa alishikwa na malaria. Mzee akatuma mtu kwa mwenzetu. Hakumlazimisha, nasema haki. Lakini mzee huyo ndiye aliyekuwa amelipa dawa za mama yake hospitalini mwezi uliopita, na deni lilikuwa bado. Alikwenda. Upepo ukawageukia, wakarudi jua limepanda. Alifika kituoni na suruali imelowa hadi magotini, wakati mlango unafungwa.

Nilikuwa safu mbili nyuma yake. Nilimwona akiandika namba yake, akisoma karatasi, akijibu mambo fulani upesi upesi. Kisha nikaona kichwa kinashuka polepole juu ya mkono wa kushoto. Nilikijua kitendo kile kuliko mtu yeyote. Ni mimi niliyekiandika mara tatu kwa rula. Sikuweza kumwita, anayesema neno anatolewa. Nilikohoa. Nikaangusha rula. Mlinzi akanitazama vikali. Baada ya muda mrefu alipita karibu naye akagonga meza, akaamka, akajibu kidogo, akalala tena. Nami nikijibu maswali ya kemia niliona samaki zake mbele ya macho: mbili, mbili, na asiyebaki peke yake.

Matokeo yalikuja, yakabandikwa. Siku hizi simu inatoa jibu mara moja, kila mtu kwake. Wakati ule tulikwenda kusoma ukutani, tukisukumana, kidole kikishuka juu ya karatasi. Walioshinda walimwagiwa pudra nyeupe kichwani, wakaimba barabarani, kina mama wakapiga vigelegele na kutandika vitenge wapitie juu. Mimi nilipata 58. Katika darasa letu walishinda wengi kuliko miaka iliyotangulia, na karibu wote walikuwa watu wa karabai. Yeye alipata 46. Nilimtafuta, nikiwa mweupe kwa pudra kama mzimu. Nilimkuta pwani anatoa maji mtumbwini kwa kopo. Alinitazama, akacheka, akanipangusa uso kwa kiganja chake, akasema: "Frateri, nenda, watakutafuta." Baba mdogo alikuwa ametengeneza karamu. Nilikwenda.

Mimi nikaingia seminari kubwa mwaka huo huo. Yeye hakuweza kulipa darasa la sita mara ya pili. Alijiandikisha kama otodidakta, yaani yule anayesoma peke yake bila shule, akafanya kwanza mtihani wa kujaribiwa, kisha ule wenyewe, na mwaka 2009 akaipata diploma. Aliniandikia barua ya mistari mitatu. Mstari mmoja ulikuwa juu ya mwezi: safari hii alilala.

Shule ile, katika ukumbi wa kuingilia, ina ukuta uliopakwa rangi, ambapo wameandika kwa kila mwaka majina ya wanafunzi wao walioshinda. Katika safu ya 2008 jina langu liko la saba, na linasomeka vizuri. Lake haliko: mwaka 2008 hakushinda, na mwaka 2009 hakuwa mwanafunzi wao. Mimi niliacha seminari kubwa mwaka 2012, nikaoa, nikawa katekista. Na Kalemie, iliyokuwa ndani ya jimbo la Katanga, tangu 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Tanganyika. Sasa niko katika komite ya wazazi wa shule ile. Mara mbili nimeomba jina lile liongezwe. Mara ya kwanza waliniambia ukuta ni wa wanafunzi wa shule tu, na kwa sheria wana haki. Mara ya pili niliwauliza ni wangapi katika majina ya 2007 na 2008 waliofundishwa na mtu huyo. Walinyamaza, wakasema watatazama. Nitaomba tena.

Yeye mwenyewe nilipomwambia alikasirika kidogo. Ana mtumbwi wake sasa, na diploma iko katika bati la maziwa ili panya wasiile. Katika mabaharia wake wako wanafunzi wawili. Ukifika wakati wa Mtihani wa Leta huwaacha nyumbani usiku nne, na fungu lao huwapa vilevile. Nilimwuliza afanyeje mwingine akiugua. Akasema: "Naenda mimi."

Mwaka huu wa shule binti yangu wa kwanza ameanza sekondari pale pale, zamu ya mchana. Wazazi wa parokia wamenishangaa, na ndiyo maana nimeandika haya. Mwezi uliopita alirudi nyumbani na furaha: amechaguliwa kapita. Akanionyesha kaye yake mpya, ameipiga mistari kwa rula, na kichwa cha tatu ni "Wanaosinzia". Chini yake kulikuwa na jina moja, limeandikwa vizuri sana.

Nilimwuliza: "Huyu anakaa wapi?"

Akasema: "Sijui, baba. Pwani, nafikiri."

Nikamwambia aweke kaye chini, twende nje tukatazame mwezi.